Kuvuka Jangwa la Thar na Kulala Kwenye Makasri ya Wafalme: Mwongozo Kamili wa Rajasthan

Watu wengi wa kwetu wanaokwenda India huenda kwa matibabu, masomo au biashara, na safari yao huishia Delhi, Mumbai au Chennai. Wachache hujua kwamba ukitoka Delhi alfajiri kwa gari, mchana unakuwa umeshaingia ukingoni mwa Jangwa la Thar, jimbo la Rajasthan, mahali ambapo majumba waliyoishi wafalme sasa yanapokea mgeni yeyote mwenye nafasi aliyoiweka na pesa ya kulipa bili.

Ushauri wangu mkuu nautanguliza ili usomaye ujue naelekea wapi. Safari nzima lala kwenye ngome ndogo za watawala wadogo, halafu weka akiba ya usiku mmoja au miwili kwenye kasri moja kubwa. Anayetaka jina kubwa kila usiku huchoka kabla ya kufika katikati ya safari, na mfuko wake huchoka mapema zaidi.

Hatua ya 1: Jua ni kasri la namna gani unalolipia

Kabla ya uhuru wa India mwaka 1947, eneo hili lilikuwa na falme nyingi: Jodhpur, Jaisalmer, Bikaner, Udaipur, Jaipur na nyinginezo. Wafalme walitawala ndani ya mipaka yao huku Waingereza wakiwa juu yao. Baada ya uhuru falme hizo ziliunganishwa, na tarehe 30 Machi 1949 Rajasthan ikazaliwa. Wafalme walipoteza madaraka, ila serikali iliendelea kuwapa posho. Mwaka 1971, wakati wa Indira Gandhi, katiba ikarekebishwa na posho hiyo ikafutwa. Sasa fikiria familia yenye nyumba ya vyumba mia tatu, paa linavuja, wafanyakazi wanadai mishahara, na serikali haileti kitu. Wachache walikuwa wameshaiona hali hiyo ikija. Kasri la Rambagh la Jaipur liligeuzwa hoteli mwaka 1957, na lile la ziwani Udaipur mwaka 1963. Baada ya 1971 wengine wengi wakafuata.

Kwa hiyo leo neno "palace" kwenye mtandao linaweza kumaanisha mambo manne tofauti. Kuna kasri la mfalme mwenyewe. Kuna ngome au jumba la thakur, yaani mtawala mdogo aliyeshika eneo lake kwa niaba ya mfalme. Haya ndiyo mengi, na ndiyo ninayoyapenda kuliko yote kwa sababu mara nyingi familia bado inaishi humo humo. Kuna haveli, nyumba ya mfanyabiashara tajiri, yenye ua katikati na vyumba vikiuzunguka. Na kuna hoteli mpya iliyojengwa kwa sura ya kasri. Udaivilas ya Udaipur, kwa mfano, ilifunguliwa 2002, na Suryagarh ya Jaisalmer pia ni jengo la miaka ya karibuni. Zote mbili ni hoteli nzuri sana, lakini hakuna mfalme aliyewahi kulala humo kama mwenye nyumba.

Namna ya kubaini si ngumu. Waandikie uwaulize: jengo lilijengwa mwaka gani, na nani aliishi humo? Mwenye jengo la kweli atakuandikia aya tatu bila kuombwa. Wizara ya Utalii ya India nayo ina daraja maalumu la hoteli za urithi: jengo liwe la kabla ya 1950, na kwa madaraja ya juu liwe la kabla ya 1935. Hoteli yenye cheti hicho haifichi.

Hatua ya 2: Chagua mwezi, kisha angalia kalenda ya harusi

Msimu ni Oktoba hadi Machi. Ukiniuliza mimi, Novemba au Februari. Desemba na Januari mchana ni mzuri mno, lakini usiku wa jangwani joto linaweza kushuka hadi nyuzi 5 na chini yake. Aliyezoea Tanga au Mombasa atajuta asipobeba sweta nzito na soksi, maana kuta za mawe huhifadhi baridi na madirisha ya mawe yaliyotobolewa nakshi huingiza upepo kwa nakshi zake zote. Mei na Juni usijaribu: mji wa Phalodi, ulio kati ya Jodhpur na Jaisalmer, ulipimwa nyuzi 51 tarehe 19 Mei 2016. Bei hushuka sana miezi hiyo, na sababu ndiyo hiyo.

Jambo ambalo wageni hawalifikirii ni harusi. Novemba hadi Februari ni msimu wa harusi za matajiri wa India, na wanapenda makasri kuliko wewe. Familia moja hukodi jumba zima kwa siku tatu. Au mbaya zaidi, hukodi nusu yake, na wewe uliye nusu ya pili unapigiwa ngoma na spika hadi usiku wa manane. Unapoweka nafasi uliza bila haya: kuna harusi tarehe hizo?

Tamasha la jangwani la Jaisalmer huangukia kipindi cha mwezi mpevu, kwa kawaida Februari, na maonyesho ya ngamia ya Pushkar huwa Oktoba au Novemba. Ukitaka kuyaona, weka nafasi miezi kadhaa kabla. Usipotaka, zikwepe tarehe hizo kabisa, kwani vyumba hupanda bei maradufu.

Hatua ya 3: Panga njia

Njia ninayoipendekeza huzunguka jangwa kutoka kaskazini: Delhi, Mandawa, Bikaner, Jaisalmer, Jodhpur, Udaipur, Jaipur, na kurudi Delhi. Tenga wiki mbili. Ukiwa na siku kumi, ondoa Udaipur, ambayo kwa kweli iko nje ya jangwa, kwenye vilima vya kijani na maziwa.

Kanuni yangu ni usiku mbili kila kituo. Usiku mmoja kwenye kasri ni hasara: unafika jua linazama, umechoka na barabara, unakula, unalala, asubuhi unafunga begi. Hujauona ua saa nne asubuhi wakati mwanga unaingia, na hayo ndiyo uliyoyalipia.

*Mandawa* (kama kilomita 250 kutoka Delhi). Hapa ni eneo la Shekhawati, kitovu cha wafanyabiashara waliotajirika kwenye njia za misafara kisha wakahamia Kalkata na Mumbai. Pesa walizozipata huko walizirudisha nyumbani wakapaka nyumba zao picha kila ukuta: miungu, tembo, na baadaye magari moshi na motokaa, nyingine zimechorwa na fundi ambaye ni dhahiri hakuwahi kuziona. Ngome ya mji, Castle Mandawa, ilianzishwa karne ya 18 na sasa ni hoteli. Ndiyo mwanzo mzuri: si ghali mno, na itakuzoesha milango mifupi. Narudia, milango ni mifupi na vizingiti ni virefu. Utagonga kichwa.

*Bikaner* (kama kilomita 190 kutoka Mandawa). Ngome yake, Junagarh, ilijengwa kati ya 1589 na 1594, nayo ni jumba la makumbusho. Pa kulala ni Lalgarh, kasri la mawe mekundu lililojengwa kwa ajili ya Maharaja Ganga Singh kuanzia 1902, kwa ramani ya Mwingereza Samuel Swinton Jacob. Limegawanywa, sehemu moja ikiitwa Laxmi Niwas inaendeshwa kama hoteli peke yake, kwa hiyo hakikisha unajua umeweka nafasi upande gani. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kumkumbuka Ganga Singh: kikosi chake cha askari wapanda ngamia, Ganga Risala, kilipelekwa Somalia na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 kupigana na wafuasi wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan. Ngamia wa jangwa hili walikwishafika kwetu kabla ya sisi kuja kwao.

Ukitaka utulivu zaidi, nenda Gajner, kama kilomita 30 kutoka mjini, kasri la mapumziko na uwindaji kando ya ziwa. Asubuhi ndege wa majini hujaa. Na ukiwa na roho ngumu, pita Deshnok kwenye hekalu la Karni Mata ambamo panya maelfu hutunzwa na kulishwa maziwa. Viatu unaviacha nje. Beba soksi za kutupa.

*Jaisalmer* (kama kilomita 330 kutoka Bikaner). Hapa ndipo jangwa lenyewe. Ngome ya mawe ya manjano ilianzishwa mwaka 1156 na Rawal Jaisal, na hadi leo maelfu ya watu wanaishi ndani yake: watoto wanakwenda shule, wenye maduka wanafagia, ng'ombe wanaziba vichochoro. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na ngome nyingine tano za Rajasthan.

Ndani ya ngome kuna nyumba nyingi za wageni, na zitakuvutia kwa bei na mandhari. Ninakusihi ulale nje. Ngome hii ilijengwa juu ya kilima kwa watu waliochota maji kwa ndoo. Mabomba na vyoo vya kuvuta vilipoingia, hasa kwa ajili ya sisi wageni, maji yalianza kupenya chini ya misingi, na baadhi ya minara ya ukuta ikaporomoka. Kila bafu la mgeni linaongeza maji yale yale. Panda ngome asubuhi, kunywa chai, nunua ulichopenda kutoka kwa wenyeji, kisha shuka ukalale chini. Chini kuna Jawahir Niwas, jumba lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa wageni wa mfalme, na ukiwa uani utaiona ngome yote ikibadilika rangi jioni. Kuna pia Mandir Palace, ambayo bado ni makazi ya familia ya kifalme na sehemu yake ni hoteli.

*Jodhpur* (kama kilomita 285 kutoka Jaisalmer). Mji huu nauzungumzia chini, kwenye hatua ya usiku mkubwa.

*Udaipur* (kama kilomita 250 kutoka Jodhpur). Njiani pitia Ranakpur, hekalu la Kijaini (dini ya kale ya India) la karne ya 15 lenye nguzo 1,444 za marumaru. Wageni wasioabudu huruhusiwa kuanzia saa sita mchana, kwa hiyo usikimbie kufika saa tatu. Mkanda na pochi ya ngozi viache kwenye gari, ngozi hairuhusiwi ndani.

Hatua ya 4: Weka nafasi ya chumba, usiridhike na jina la kasri

Ndani ya kasri moja chumba kimoja kinaweza kuwa alikolala binti mfalme na kingine kikawa zamani ni stoo ya tandiko za farasi. Bei hutofautiana kidogo tu, ila usiku utakaoupata hautofautiani kidogo. Kwa hiyo usibofye chumba cha bei ya chini kwenye programu ya simu ukatulia. Tuma barua pepe au ujumbe wa WhatsApp hotelini, ukiuliza:

- Chumba kiko kwenye jengo la zamani au kwenye bawa jipya? Naomba picha ya chumba hicho hicho.
- Kiko ghorofa ya ngapi, na kuna lifti? (Mara nyingi hakuna. Kwa mzee au mwenye magoti mabovu swali hili ndilo la kwanza.)
- Maji ya moto yapo saa zote au kwa saa maalumu?
- Kuna hita wakati wa baridi?
- Kifungua kinywa kimo kwenye bei? Na kodi?

Hilo la kodi lina uzito. Nchini India chumba kinachozidi rupia 7,500 kwa usiku kinatozwa kodi ya asilimia 18 juu ya bei. Ukiona chumba cha rupia 7,400 na kingine cha 7,800 ujue tofauti halisi si rupia mia nne.

Kwa makadirio ya kupangia, ngome ndogo nyingi huangukia kati ya rupia 5,000 na 15,000 kwa usiku wakati wa msimu. Makasri makubwa yenye majina, kama Umaid Bhawan, Rambagh na lile la ziwani Udaipur, huvuka rupia 50,000 na huweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Ukipiga hesabu ya wiki mbili kwa bei hizo utaelewa kwa nini nilianza na ngome ndogo.

Hatua ya 5: Viza, chanjo na pesa

Watanzania na Wakenya wanaweza kuomba viza ya mtandaoni ya utalii. Anwani ya serikali inaishia na gov.in; kurasa nyingine nyingi zinazofanana nayo ni za mawakala wanaoongeza ada yao. Omba angalau siku 4 kabla ya kufika, na mimi ningesema wiki mbili, kwa sababu picha ya pasipoti iliyopigwa vibaya inaweza kurudishwa. Kwa anayefika kwa ndege, viza hii inakubalika kwenye viwanja vilivyotajwa tu; Delhi, Mumbai na Jaipur vimo.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani. India ni wakali kwa abiria wanaotoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Kongo zimo kwenye hesabu hiyo. Chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla ya kuingia. Asiye na kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na hakuna kasri ndani ya karantini.

Ndege za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam na Nairobi hufika Mumbai. Wengi wanaokwenda Delhi huunganisha Ghuba au Addis Ababa. Kutoka Mumbai unaweza kupanda ndege ya ndani hadi Jodhpur au Udaipur na ukaipindua njia yangu, si vibaya.

Wahindi siku hizi wanalipa hata chai kwa kuskani simu, lakini mfumo huo kwa kawaida unategemea akaunti ya benki ya huko. Wewe tembea na noti ndogo ndogo: za 10, 20, 50 na 100. Kadi hufanya kazi kwenye hoteli kubwa, na kwenye ngome ndogo mtandao ukikatika mashine nayo hukatika. Beba pia adapta, maana plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii kwenye soketi za kule.

Hotelini watanakili pasipoti na viza yako na kujaza fomu ya polisi. Ni sheria kwa kila mgeni kutoka nje, usidhani umeshukiwa.

Hatua ya 6: Gari na dereva, au treni?

Kwa watu wawili au zaidi, gari na dereva ni bora. Wanaendesha kushoto kama sisi, ila usije ukajidanganya kwamba utaendesha mwenyewe. Mkataba uandikwe, hata kama ni kwa WhatsApp: bei iwe na mafuta, tozo za barabara, ushuru wa kuingia jimbo, maegesho, na posho ya dereva ya chakula na malazi. Uliza dereva atalala wapi. Hoteli nyingi zina chumba cha madereva. Zisizo nacho humwacha alale garini, na dereva asiyelala vizuri ndiye anayekubeba kesho kilomita 300.

Kwenye mkataba ongeza mambo mawili. Kwanza, hakuna kuendesha usiku. Ng'ombe, ngamia na malori yasiyo na taa hawana ratiba. Pili, hakuna duka usiloliomba. Dereva akikupeleka kwenye kiwanda cha mazulia "kutazama tu", fahamu ana kamisheni yake. Sema hapana kwa tabasamu siku ya kwanza, na mtasafiri kwa amani hadi mwisho.

Anayesafiri peke yake aangalie treni. Kuna ya usiku kutoka Delhi hadi Jaisalmer, karibu saa 18. Chukua behewa la kiyoyozi daraja la 2A au 3A, ambako unapewa shuka na blanketi. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla, na za msimu huisha upesi. Treni moja ya kifahari, Palace on Wheels, imekuwa ikizunguka jimbo hili tangu 1982. Ni nzuri kwa mwenye nazo, ila makasri unayaona mchana na usiku unalala kwenye behewa.

Hatua ya 7: Jangwa lenyewe

Punguza matarajio ya mchanga. Sehemu kubwa ya Thar ni kama barabara ya Isiolo kwenda Marsabit: miiba, mbuzi, kisima, na mti mmoja mmoja. Mti huo mara nyingi ni khejri, na maganda yake yaliyokaushwa utakula jioni. Karibu na Jodhpur wanaishi Wabishnoi, jamii ambayo kwa imani yao hawakati khejri wala kuwinda swala. Mwaka 1730 katika kijiji cha Khejarli watu 363 waliuawa walipoikumbatia miti isikatwe na askari wa mfalme.

Vilima vya mchanga vya kupigia picha viko Sam, kama kilomita 40 magharibi ya Jaisalmer, na Khuri, kusini zaidi. Sam imejaa kambi za mahema, magari ya kuruka vilima na muziki wa spika. Khuri kuna utulivu, huko ndiko ningekwenda. Panda ngamia kwa saa moja na nusu jioni. Inatosha, na mapaja yako yatathibitisha. (Msomaji wa Wajir atacheka, ana haki.) Mtazame mnyama kwanza: mwenye vidonda chini ya tandiko mkatae, na umwambie mwenyewe kwa nini.

Usiku kambini waulize kama wana waimbaji wa Manganiyar badala ya muziki wa rekodi. Hawa ni Waislamu ambao vizazi kwa vizazi wamewaimbia Wahindu waliowafadhili, harusi na matanga. Mmoja hukamata vipande vinne vya mbao, viwili kila mkono, viitwavyo khartal, na kwa vidole tu akatoa mdundo ambao unatafuta ngoma iko wapi huioni.

Usivuke Sam au Khuri kuelekea mpaka wa Pakistan bila kibali. Ukanda ule ni wa kijeshi na mgeni hana ruhusa ya kuuingia hivi hivi. Simu ya setilaiti usiibebe kabisa India, ni kosa la jinai. Na kabla ya kusafiri sikiliza habari: mwezi Mei 2025, nchi hizo mbili ziliposhambuliana, viwanja vya ndege vya Jaisalmer, Jodhpur na Bikaner vilifungwa kwa siku kadhaa.

Hatua ya 8: Maisha ndani ya kasri

Kwenye ngome ndogo, jioni mwenye nyumba mwenyewe hushuka uani kusalimia. Salamu ya huko ni "khamma ghani", viganja vikiwa vimeunganishwa kifuani. Muulize habari za babu yake aliye kwenye picha ukutani, si bei ya jengo. Ndipo utakapofunguliwa chumba ambacho hakimo kwenye ziara: ghala la silaha, au ukumbi wenye kuta za chokaa iliyosuguliwa kwa jiwe hadi ikang'aa, utaalamu ambao mafundi wachache wamebaki nao. Mtu wa Lamu au Unguja anayejua kazi ya chokaa atasimama hapo muda mrefu.

Chakula kitakuwa na mengi unayoyajua, chapati, kachori, chai ya maziwa, na mengine mageni. Agiza ker sangri, vitunda na maganda makavu ya jangwani yaliyokaangwa na viungo, ule na mkate wa uwele wenye samli. Laal maas ni mchuzi wa mbuzi wenye pilipili nyekundu za Mathania. Waambie wapunguze ukali, na bado utatoka jasho. Nyama ya ng'ombe usiulize, kuchinja ng'ombe ni kosa kisheria Rajasthan. Mwislamu anayetaka halali aulize kila hoteli mapema; wengi huagiza mbuzi kwa mchinjaji Mwislamu ukiwajulisha. Wasipoeleweka, kula mboga. Hakuna sehemu ya India ambako mla mboga anaadhibiwa.

Maji kunywa ya chupa au ya chujio, na mfuko wa dawa uwe na chumvi za kuongeza maji mwilini. Mafuta ya midomo pia. Hewa ile ni kavu mno.

Bakshishi usigawe kila kona. Kwenye majumba mengi kuna sanduku la wafanyakazi wote mapokezini, weka humo siku ya kuondoka, na aliyekubebea mizigo kwenye ngazi za ghorofa tatu mpe mkononi.

Watu wataomba kupiga picha na wewe, hasa vijana. Kubali au kataa, ila amua mapema, maana ukikubali mmoja foleni inaanza.

Hatua ya 9: Usiku mkubwa, Jodhpur

Pesa uliyoibana ifungulie hapa. Umaid Bhawan ilianzwa kujengwa 1929 na kumalizika 1943, kwa ramani ya Henry Vaughan Lanchester, ikiwa na vyumba 347. Maharaja Umaid Singh aliianzisha wakati wa ukame na njaa, ili watu wapate kazi ya kulipwa. Mawe yake yamechongwa yakashikana bila saruji. Leo sehemu moja ni hoteli, sehemu ni makumbusho, na sehemu bado ni nyumba ya familia ya kifalme. Ukilala humo fika mapema kadiri watakavyokuruhusu, usitoke siku hiyo, na kifungua kinywa ukile nje kwenye bustani.

Ukiona bei imekushinda, kuna njia ya pili ambayo haina aibu yoyote. Lala Ajit Bhawan, jumba lililojengwa kwa ajili ya Ajit Singh, mdogo wake Umaid Singh, ambalo nalo sasa ni hoteli ya urithi. Umaid Bhawan iangalie kwa tiketi ya makumbusho tu. Au toka mjini kama kilomita 40 hadi Rohet Garh, nyumba ya thakur kando ya ziwa. Kwa vyovyote, asubuhi moja ipe Mehrangarh, ngome iliyoanzishwa na Rao Jodha mwaka 1459. Fika milango inapofunguliwa, chukua mashine ya maelezo ya sauti, na tenga saa tatu.

Udaipur nako, kasri la ziwani, Jag Niwas, la miaka ya 1740, kwa kawaida halimpokei asiye mgeni wa kulala. Panda boti hadi Jagmandir, kisiwa cha pili, ambako Shah Jahan, mfalme aliyekuja kujenga Taj Mahal, alipewa hifadhi akiwa bado mwana mfalme aliyemwasi baba yake.

Hatua ya 10: Jaipur na kurudi

Jaipur iko kama kilomita 400 kutoka Udaipur na 280 hivi kutoka Delhi. Makasri yake ni maarufu na yamejaa watu. Mimi ningelala Samode, kilomita 40 hivi kaskazini, na kuuingia mji mchana. Mtanzania asiondoke bila kupita Johari Bazaar, mtaa wa masonara: tanzanaiti ya Mirerani kwa wingi hukatwa na kung'arishwa Jaipur. Tazama, uliza bei, linganisha na Arusha. Kununua ni hiari, na bila cheti cha maabara usinunue. Na yeyote atakayekuomba umbebee vito kupeleka nje ya nchi kwa ahadi ya faida, ageuziwe mgongo hapo hapo. Huo ni utapeli wa miaka mingi mjini humo.

Siku ya mwisho iwe Delhi, si njiani. Desemba na Januari ukungu hufunga kaskazini yote ya India, treni huchelewa kwa saa nyingi na barabara kuu hutambaa. Ndege yako ikiwa ya usiku, uwe umefika Delhi tangu jana yake, ukalale hoteli ya kawaida karibu na uwanja, yenye lifti.